Wa Kwanza Hakushika Beseni

Jumapili moja ya mwezi wa nane, mwaka wa 1967, tulimpoteza mama mkwe wangu. Alikufa katika dispanseri moja ya milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, baada ya kuzaa mtoto wake wa mwisho. Mimi nilikuwa mle ndani, nimevaa bluzi, lile koti jeupe la wauguzi, nimesimama nyuma ya blanketi. Watu wa kwao walimwita Mama Sifa. Mimi sikumwita jina lolote, maana kwetu mwanamume hataji jina la mama wa mke wake, na hata leo kuliandika kunanitia haya.

Ninyi vijana wa dispanseri mliponiaga mliniomba niandike mambo ya kazi yangu. Mmoja wenu alitaka niandike namna nilivyopanda vyeo. Sikupanda sana, na mshahara mnaujua ninyi wenyewe, mara unafika, mara unapotea njiani. Nitaandika jinsi tulivyofundishwa, na kile tulichodhani ndiyo kazi yenyewe. Ninawaona ninyi pia mnakuja na mawazo kama yetu, ingawa viatu vyenu ni vizuri zaidi.

Nilizaliwa karibu na Muheto, kwa watu wa maharagwe na mihogo. Tulipomaliza shule ya misioni, padri alitugawa kama mtu anayechambua maharagwe kwenye ungo. Wenye akili nyingi walikwenda seminari. Waliofuata walikwenda kusomea ualimu. Waliobaki, kama waliweza kusoma Kifaransa bila kukwama, walipelekwa ekole ya enfirmie, yaani shule ya wauguzi. Hakuna aliyetuuliza kama tunaweza kuona damu. Baba yangu aliuliza swali moja tu, kama huko wanafunzi wanakula. Padri akasema wanakula. Basi nikaenda, mwaka wa 1964.

Siku ya kwanza direkta, mkuu wa ekole, alitupanga uani na kumuuliza kila mmoja sababu ya kuja. Alikuwa mzungu mzee, mwenye sauti ndogo na masikio makubwa, na alipenda kazi yake. Mmoja alisema amekuja kwa sababu enfirmie halazimishwi kulima barabara. Mwingine alisema kaka yake ana baiskeli, na kaka yake ni enfirmie. Faustin, kijana mrefu kutoka upande wa Walikale, alisema seminari walimfukuza kwa kucheka ndani ya misa. Direkta akataka kujua alicheka nini. Faustin akajibu kwamba akieleza, hapa pia watamfukuza, pamoja na wale watakaomsikia.

Ilipofika zamu yangu nilisema nimekuja kusaidia wagonjwa. Sentensi hiyo nilikuwa nimeitunga njiani, kwa Kifaransa, nikairudia mpaka ikanyooka. Direkta alifurahi. Kweli ni kwamba nilikuwa sijamsaidia mgonjwa hata mmoja. Bibi yangu, mama wa baba yangu, alipokuwa kitandani siku zake za mwisho, nilikuwa ninakwenda shambani mapema ili nisisikie harufu ya chumba chake.

Ekole ilikuwa na desturi yake, na lazima niieleze, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Kila Jumamosi asubuhi direkta alisoma alama zetu za juma, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Wale wa chini walipewa mabeseni. Juma lote waliwaosha wagonjwa, waliwageuza vitandani, waliondoa uchafu na kufua mashuka yenye damu. Wale wa kati walisaidia kufunga vidonda. Aliyekuwa wa kwanza hakushika beseni. Alipewa kiti karibu na dirisha la chumba cha masomo, asome.

Direkta aliamini kwamba zawadi hiyo itatutia bidii. Ilitutia bidii kweli. Tulisoma kwa taa mpaka macho yakauma, tukapimana maswali njiani kwenda mtoni, tukagombana juu ya nusu ya alama. Tulisoma uganga kwa nguvu zote ili tusimguse mgonjwa. Mimi nilikuwa na kichwa cha kukariri, na tangu mwaka wa pili kiti cha dirishani kilikuwa changu karibu kila juma. Faustin alikuwa na beseni lake. Aliliita bibi yake, yaani mke wake, na akipita chini ya dirisha langu alikuwa ananisalimia kama mheshimiwa na kuniuliza kama bado ninasoma juu ya watu ao nimeshakutana na mmoja.

Nilimjibu kwamba mwenye kazi ya kuosha atabaki kuosha. Nilisema hivyo mbele ya wengine, na walicheka. Faustin alicheka pia. Alikuwa mtu wa kucheka.

Likizo ya mwaka wa 1966 walinituma kufanya mazoezi ya kazi Walikale, ndani ya msitu, kwenye dispanseri ya Papa Safari. Huyo ndiye mwalimu wangu wa kweli, ingawa nilichelewa kumjua. Hakuwa na diploma kama ile tuliyoitafuta sisi. Alianza kazi zamani kwa kuwabebea waganga wa hospitali masanduku, na akajifunza moja kwa moja kutoka kwa mikono ya watu. Alikuwa mfupi, mkimya, na aliwaita wagonjwa wote mama na papa, hata vijana wadogo kuliko mimi.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Seringi za kioo tulizichemsha kwenye sufuria juu ya primusi, jiko la mafuta, na primusi ile ilizimika kila ilipoona mgonjwa mahututi. Sindano tulizinoa juu ya jiwe laini la mtoni. Papa Safari alijaribu ncha ya kila sindano kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe kabla ya kuniruhusu kuitumia. Kabla ya kumshika mgonjwa alipasha viganja vyake moto kwenye birika la chai. Nilidhani ni uzee. Aliniambia mtu anayeumwa tayari ameshashtuka, usimshtue tena.

Walikuja kwetu watu wa msituni wenye vidonda vya miguu, watoto wa malaria, na wachimbaji wa mawe ya bati waliofunikwa na udongo. Wachimbaji walikuwa wagumu. Mmoja alikuja akitembea, mkono umevunjika, akaomba aharakishwe kwa sababu wenzake watachukua shimo lake. Nilijua majina yote ya mifupa ya mkono. Papa Safari akaniambia niushike huku yeye akivuta. Niliposikia mfupa unasogea chini ya vidole vyangu, nikauachia, na yule mtu akapiga yowe ambalo ninalisikia bado. Papa Safari hakunigombeza. Alimaliza kazi, akaniletea chai, kisha akaniuliza ekole yetu inafundisha nini. Nikamweleza desturi ya mabeseni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema polepole, akiniita beye, yaani wewe kwa heshima, “Basi beye banakupa zawadi ya kutojua.”

Nilichukia. Niliwaza, huyu mzee hajui hata kuandika jina la dawa vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo nilikuwa nimeoa. Mke wangu, Sifa, alitoka mlima unaotazamana na wetu, na wazee wake walikubali haraka kwa sababu ya ile bluzi. Baba yake, Papa Sifa, alikuwa mkulima mwenye maneno machache. Mama yake nilimwona mara chache sana, na kila mara kwa mgongo. Sheria ya ukwe mnaijua, hata kama ninyi mmeilegeza. Nikimwona njiani, ninaingia kwenye majani mpaka apite. Yeye akisikia sauti yangu uani, anajifunika kitambaa na kupita nyuma ya nyumba. Hatuli pamoja, hatutazamani machoni, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Hiyo haikuwa chuki. Ndivyo tulivyopendana, yeye na mimi, kwa kukimbiana.

Papa Safari aliposikia nimeoa karibu na kwetu, alinipa onyo moja tu. Alisema nisiombe kamwe kazi mahali ambapo wakwe zangu wanaugua. Nilimwambia nimeelewa. Mwaka uliofuata, 1967, direkta aliponiuliza ninataka kufanyia wapi mazoezi ya likizo, nikachagua dispanseri iliyo karibu kabisa na mlima wa wakwe zangu. Nilitaka wanione. Kila asubuhi nilikuwa ninapita sokoni nimevaa bluzi iliyopigwa pasi, hata kama sikuwa na haja ya kupita sokoni.

Dispanseri hiyo ilikuwa na enfirmie mkuu na mwanamke mkunga, Mama Zawadi, aliyezalisha wanawake wote wa milima ile. Jumapili ninayoieleza, enfirmie mkuu alikuwa amekwenda vijijini kuchanja watoto. Mama Zawadi alikuwa kwenye matanga ya ndugu yake, ng'ambo ya bonde. Nilibaki peke yangu na funguo, na nilifurahi kubaki na funguo.

Baada ya saa ya misa niliona kipoyi kinashuka kwenye kilima, ile machela ya miti inayobebwa mabegani. Wabebaji walikuwa wanakimbia. Papa Sifa alikuwa mbele, na pembeni alikuja Riziki, mdogo wa mke wangu, msichana wa kama miaka kumi na mitano, ameshika mkono wa mama yake. Niliwatambua kabla hawajafika uani, na miguu yangu yenyewe ikarudi nyuma.

Mama alikuwa amejifungua alfajiri nyumbani, mtoto wa kike, mzima. Mtoto walikuwa wamempeleka kwa Sifa, aliyekuwa ananyonyesha wetu. Lakini kondo la nyuma halikutoka, na damu haikukoma. Kitambaa chini yake kilikuwa kimeloa mpaka kwenye miti ya kipoyi. Walimlaza kitandani. Aliponiona mlangoni, akavuta kanga akafunika uso, akageukia ukuta. Nami nikatoka nje kinyumenyume, kama desturi inavyotaka. Muuguzi anatoka nje, mgonjwa anabaki ndani. Nilikuwa uani tayari ndipo nikakumbuka mimi ni nani pale.

Nilimtuma mbebaji mmoja akamwite Mama Zawadi, akimbie. Kisha nikafanya jambo ambalo nililiona la akili sana. Nilifunga blanketi kwenye kamba katikati ya chumba. Yeye upande ule na Riziki, mimi upande huu. Riziki aliupitisha mkono wa mama yake kando ya blanketi, nami nikauchoma sindano ya kubana mfuko wa uzazi. Ulikuwa mkono wa baridi, wenye udongo wa shamba kwenye kucha. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa, na niligeuza uso.

Kisha nikaanza kumfundisha Riziki kwa maneno. Nilimwambia aweke kiganja chini ya kitovu cha mama, atafute kitu kigumu kama boga dogo, akisugue kwa kuzunguka. Nilimwambia amsaidie mama akojoe, maana kibofu kikijaa kinazuia. Nilimuuliza rangi ya midomo. Alinijibu yote kwa sauti iliyonyooka, mtoto wa miaka ile. Mimi nilikuwa ninasoma kutoka kichwani ukurasa ule wa daftari letu, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma mbele ya direkta. Baada ya kusugua, kama damu haikomi, ukurasa unaendelea. Unasema muuguzi aoshe mkono mpaka kiwiko, auingize, atafute ukingo wa kondo, alibandue polepole, alitoe. Mstari huo nilikuwa ninaujua kuliko yote. Niliupatia alama kamili.

Sikuusema. Nilimwambia Riziki aendelee kusugua.

Papa Sifa alikuwa mlangoni. Aliona damu inapita chini ya blanketi upande wangu. Akaniuliza kama kuna kitu kingine. Nikasema kipo, lakini ni kazi ya mkono, na mkono lazima uingie. Alitazama lile blanketi. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote ndani ya sheria ile. Kisha akaniita kwa jina langu, “Bauma, beye njo munganga hapa. Ingia.”

Nilishika ukingo wa blanketi. Hapo sauti ikatoka chini ya kanga, ndogo lakini ya mtu aliyekwisha kukata shauri. “Hapana yeye. Bamungojee Mama Zawadi.”

Sasa ninaandika lile ambalo nimelizunguka kwa kurasa hizi zote. Niliposikia neno lile, nilifurahi. Mwili wangu wote ulilegea kwa furaha, kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule leo. Kila mtu pale alidhani nimezuiwa na heshima. Heshima ilikuwepo, sisemi haikuwepo. Lakini chini ya heshima ilikuwepo hofu ya mtu ambaye hajawahi kumwosha mwanamke, hajawahi kugeuza mgonjwa, na mikono yake haijui kitu. Sikujua kondo linakuwaje likiguswa. Nilijua tu linavyoandikwa. Yeye alinikataza kwa haya yake, nami nikajificha ndani ya haya yake kama ndani ya nyumba. Sikumbembeleza. Sikumwambia kwamba atakufa. Mgonjwa anaweza kukataa, na mara nyingi anakataa. Kazi yetu ni kumweleza, kisha kumweleza tena. Mimi sikusema neno.

Mama Zawadi alifika jua limeshapita katikati, nguo za matanga zimejaa matope. Hakuuliza. Alirarua lile blanketi, akaosha mkono, akafanya kwa muda mfupi kile nilichokuwa nimekiacha. Kondo lilitoka zima. Lakini damu ilikuwa imekwisha, na Mama Sifa alikufa kabla ya jioni, kanga ingali usoni. Riziki ndiye aliyeifunua.

Matangani walinisifu. Hilo ndilo sikulitegemea, na hilo ndilo lililonimaliza. Wazee wa mlima ule walisema huyu ni mkwe mwenye adabu, amesoma kwa wazungu na hakusahau. Walimwambia Papa Sifa kwamba kwangu amepata mtoto wa kiume. Sifa, mke wangu, aliyekuwa ananyonyesha watoto wawili sasa, wetu na mdogo wake, aliniuliza tukiwa peke yetu, “Ulimushika?” Nikasema hapana, isipokuwa mkono, kwa sindano. Akasema, “Aksanti. Anaenda na heshima yake.” Nilikubali ile aksanti. Niliila kama chakula.

Niliporudi ekole kwa mwaka wa mwisho, nilikwenda kwa direkta kuomba beseni. Alishangaa. Akasema wa kwanza hashiki beseni, hiyo ni haki yake, na nikiivunja wengine watakosa bidii. Sikuwa na namna ya kumweleza. Basi nikaanza kukosea kwa makusudi. Jumamosi ya kwanza niliandika kwamba ini liko kushoto, na direkta aliniita kuniuliza kama ninaumwa. Baada ya majuma machache nikawa chini kabisa, jirani na Faustin.

Faustin alinipokea kwa mashaka. Aliniuliza ni nani sasa atakaa dirishani, ao kiti nacho kimekufa njaa. Kisha akasema, “Unakuja kuniibia bibi yangu?” na akaniwekea beseni mikononi. Mgonjwa wa kwanza niliyemwosha alikuwa mama mmoja mzee wa Masisi, mwenye vidonda mgongoni. Nilimwaga maji kitandani mara mbili. Mama yule akamuuliza Faustin kama huyu mpya ni mgonjwa pia. Faustin akamjibu kwamba ndiyo, lakini anapona. Nilipasha viganja kwenye birika. Nilijifunza polepole, na sikuwa hodari. Nilipewa diploma yangu mwaka wa 1968, karibu na mwisho wa orodha, na baba yangu hakuelewa ilikuwaje.

Wa chini walitumwa mbali. Mimi nilitumwa Walikale, kwa Papa Safari, na sikuwahi kupewa adhabu nzuri kuliko ile. Huko, mwezi wangu wa kwanza, mke wa mchimbaji mmoja aliletwa na kondo lililokwama. Papa Safari alinitazama, akapeleka birika upande wangu. Niliosha mkono. Nilimweleza yule mama nitakachofanya, nikamweleza tena. Nikaingia. Ni kitu laini, na ukingo wake unaupata kama unavyopata ukingo wa mkate uliogandamana na sufuria. Mama yule aliishi. Watu wake walicheza uani. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba ya dawa, nikakaa chini. Kazi yenyewe haikuchukua muda mrefu kuliko muda wa kusema rozari moja, na hilo ndilo lililokuwa baya kulijua.

Mwaka wa 1969 walifungua Masisi darasa la wasichana la kusomea ukunga. Papa Sifa alinitumia habari msituni, ananiuliza kama Riziki anafaa. Nilijibu anafaa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilipokuja kwa konje, yaani likizo ya kazi, kabla hajaandikishwa nilimwomba Mama Zawadi ampeleke kwanza kwenye chumba cha wagonjwa, aone mashuka, asikie harufu, ashike beseni, kisha aseme mwenyewe kama anataka. Alitaka. Nilimwambia mambo mengi ya kazi hii ambayo mimi sikuambiwa na mtu. Nilimwambia juu ya usingizi, juu ya watu wanaotukana, juu ya miguu inayovimba. Moja sikumwambia.

Lakini nilikuwa nimempeleka mahali ambapo watu wanafundishwa. Mwisho wa mwaka ule nilikuja tena kwa konje. Riziki alifika nyumbani kwetu Jumapili, amevaa sare ya darasa lao. Sifa alikuwa jikoni. Yule mtoto aliyezaliwa siku ya kifo alikuwa anacheza kwenye magoti yangu, ameshaanza maneno, ananiita papa. Riziki alikaa, akamtazama mtoto, kisha akaniambia juma lile wamesoma kondo la nyuma.

Nilijua palepale.

Alisema mwalimu wao alieleza sindano, akaeleza kusugua, akaeleza kibofu. Yeye Riziki alikuwa anayajua yote, mpaka wenzake wakashangaa. Kisha mwalimu akaendelea. “Shemeji, ile siku ulinifundisha yote, ukasimama pale. Ulikuwa unajua inaendelea?”

“Nilijua,” nikasema.

“Mukono wangu ulikuwa mudogo. Ungenieleza tu.”

Sikuwa nimewaza hilo hata mara moja kwa miaka ile yote. Nilikuwa nimejilaumu kwa mkono wangu mimi. Sikuwahi kuwaza mkono wake, uliokuwa pale tayari, upande ule wa blanketi, wa binti ambaye mama yake asingemkataza. Ningesema mstari mmoja zaidi. Sikuusema kwa sababu, katika kichwa changu, ile ilikuwa kazi ya mwenye diploma.

Riziki hakulia wala hakunitukana. Alisema baba yake anasimulia bado milimani namna mkwe wake alivyo na adabu, na kwamba yeye hawezi tena kukaa akimsikiliza. Nikamwita Sifa kutoka jikoni. Alikuja anafuta unga wa muhogo mikononi, nami nikamwambia, mbele ya mdogo wake, kwamba nilifurahi nilipokatazwa, na kwamba nilinyamaza. Sifa aliuliza kitu kimoja tu, kama kweli mama alikataza, ao hiyo pia nimeitunga mimi. Riziki akajibu badala yangu kwamba alikataza, alimsikia kwa masikio yake. Sifa akamchukua mtoto kwenye magoti yangu. Akasema Papa lazima asikie.

Tulipanda mlima siku iliyofuata, sisi watatu na watoto. Papa Sifa alikuwa ameketi mbele ya nyumba, anamenya maharagwe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, na sikupunguza. Aliendelea kumenya mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, bila kuinua macho, “Mi nilikuambia ingia.”

Nikasema ndiyo, aliniambia.

Aliweka maharagwe chini. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Walikale. Hakunifukuza, wala hakuniambia niketi. Mwishowe alimgeukia Riziki, akatazama sare yake, akamuuliza kama siku moja wakimletea mkwe kitandani, mtu ambaye yeye hana ruhusa ya kumtazama, ataingia.

“Nitaingia, Papa.”

“Hata mimi?”

“Hata beye.”

Mzee alitazama mikono ya binti yake. Halafu akavuta koti lake, likafunika magoti, akatuambia tuingie ndani kabla mvua haijafika.